Maabara isiyo na maji ifungwe

Mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza atakutajia vitu vya sanduku la huduma ya kwanza bila kuvuta pumzi: bandeji, pamba, plasta, mkasi, dawa ya vidonda. Vimo kwenye silabasi ya kemia, mwanzoni kabisa, na mitihani huvipenda. Sasa muulize sanduku lenyewe liko wapi. Shule moja ya kata ninayoifahamu hapa Dar, liko ofisini kwa mkuu, limefungwa, na ufunguo anao matroni.

Sina ugomvi na walimu. Majengo tunayo, tunakumbuka mwaka 2014 tulivyochangishwa mtaa kwa mtaa kutimiza agizo la Rais Kikwete la maabara tatu kila sekondari ya kata. Kinachonikera ni masinki mazuri yenye mabomba makavu. Mgao wa maji tumeuzoea, nyumbani unajaza madumu, maisha yanaenda. Ila chumba chenye chupa za kemikali hakivumilii mazoea hayo.

Watu huogopa asidi, na wasiache kuiogopa. Lakini kwenye jicho, alkali kama sodiamu haidroksaidi mara nyingi ni mbaya zaidi. Asidi hugandisha protini za juu, na mgando huo huipunguzia kasi ya kupenya. Alkali huyeyusha kila inachokigusa na kuzidi kuzama, huku mtoto akijipangusa kwa mkono wa sweta. Dawa ya zote mbili ni maji mengi, papo hapo, dakika 15 bila kukatika, kope zimeshikwa wazi. Usimtie siki eti kupoza alkali! Hospitali ni baada ya hapo. Ukimkimbiza bila kumwosha, foleni ya Barabara ya Kilwa itamaliza kilichobaki.

Bomba la kuoshea macho la kiwango hutoa kama lita moja na nusu kwa dakika. Piga hesabu: dakika 15 ni lita 22 na ushee. Ndoo mbili za koki za lita 20 zinatosha na chenji inabaki, na ndoo hizo zilijaa milangoni wakati wa korona mwaka 2020. Ziko wapi? Nimeona moja imepandwa mwarobaini. Ziwekwe juu ya stuli ndani ya maabara, maji yabadilishwe kila siku, na asiyezikuta zimejaa asifungue chupa.

Miwani ya kinga nayo inunuliwe, bila shaka. Hata fundi wa kuchomelea mageti huku uswahilini anayo yake. Na hii tabia ya kunyonya pipeti, ule mrija wa kupimia kimiminika, kwa mdomo ikomeshwe. Mtatetea kwamba asidi ya titresheni, lile zoezi la kupima asidi kwa alkali, imezimuliwa sana. Sawa, lakini kijana akishazoea kunyonya, siku ya amonia kali atakumbuka nani? Kimpira cha kunyonyea si kitu cha kusubiri mfadhili.

Kikao cha wazazi kijacho, kabla hatujafika kwenye mchango wa jezi, nitauliza bomba la maabara hutoa maji siku zipi. Siku lisipotoa na ndoo hazijajazwa, kipindi cha vitendo kihamishwe. Baraza la Mitihani halihamishi tarehe yake, kwa hiyo mwezi wa mtihani ndoo zijazwe tangu jana yake, na mwenye zamu ajulikane kwa jina.