Mjomba Kaahidi Hapindui

Mjomba wangu, baharia mstaafu, hapiti mbele ya sahani bila kuipindua atazame kitako. Ana daftari la alama za kaure za Kichina, kazichora mwenyewe kwa kalamu ya buluu, na haki ya Mungu anazijua. Maandishi sita, mistari miwili ya kusimama, husomwa toka juu kwenda chini, kuanzia kulia: ukoo wa kifalme, kisha jina la enzi ya mfalme, kisha "kimetengenezwa miaka hiyo". Ukiona neno China kwa herufi za Kizungu, usimsumbue. Hiyo, asema, imeletwa na sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, iliyotaka bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka; si ya kale.

Posa yangu ilipokubaliwa, wakwe wakatualika chakula Lamu. Mama alimshika mkono mlangoni. "Kaka, leo usipindue kitu cha watu."

"Sipindui."

Na kweli hakupindua.

Ukuta ulikuwa na zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, toka chini hadi juu. Bi Mkubwa, bibi yake mchumba wangu, alimwona anavyohangaika, akamtolea bakuli la kijani la mababu zake na kumgeuzia mwenyewe. Kitako kitupu. Mjomba akashukuru kama aliyerudishiwa noti bandia. Mabakuli ya kijani ya aina hiyo, ambayo vigae vyake vimefukuliwa kwenye magofu ya Gedi, mengi hayana jina la mfalme yeyote, na yeye hilo analijua fika! Ila mgonjwa wa maandishi hata umpe nini.

Tukakaa mkekani. Likaja bakuli jeupe la mchuzi wa kamba, unatoa moshi. Mjomba kulipokea tu, macho yakaona buluu kwa chini. Akaliinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, kuelekea dirishani, mchuzi ungalimo.

"Mjomba," nikanong'ona.

"Da... Ming..."

Shingo ikainama kufuata mstari, na mikono ikaifuata shingo. Nimeshasema Wachina wa kale huanzia kulia. Kulia kwake nilikaa mimi, na kanzu mpya.

"Cheng!" akapiga kelele kwa furaha. Nami nikapiga yangu.

"Tulia, bado mstari wa kushoto! Hua... nian... zhi. Enzi ya Chenghua, ukoo wa Ming! 1465 hadi 1487!"

Nyuma ya pazia nikasikia kicheko ninachokifahamu vizuri sana.

"Yako sita," akasema Bi Mkubwa, akiniokota kamba begani. "Yote yana maneno hayo hayo. Yamenunuliwa Mombasa mwaka jana."

Mjomba wala hakutahayari. Akamweleza kwamba hata wafinyanzi wa Jingdezhen, mji wa kaure huko China, wa enzi ya Kangxi, 1662 hadi 1722, waliandika jina la Chenghua kwenye kazi zao kumuenzi, kwa hiyo bakuli lake liko katika desturi njema. Akaomba mchuzi mwingine.

Jioni orodha ya mahari ikarudishwa kwetu. Chini ya kitanda na kabati pameongezwa mstari: mabakuli sita, yasiyo na maandishi kitakoni.