Ukiokota upanga wa Kijapani, weka msasa chini

Kuna mtu kanitumia video wasap akijua kabisa itanikera. Jamaa mmoja Marekani kaokota upanga wa Kijapani kwenye takataka za nyumba inayohamwa, ala imepasuka, kamba za mpini zimeoza, na badala ya kukaa chini autazame kwanza, kachukua msasa, halafu akamalizia na brashi ya waya kwenye drili. Chuma kinang'aa kama sufuria ya harusi na watu kwenye komenti wanampigia makofi. Hongera sana fundi, umefuta kila kitu.

Wengi hata hawakuona alichoharibu zaidi. Kuna kijiti cha mwanzi kinachopita kwenye mpini, ukikigonga taratibu kutokea upande wake mwembamba kinatoka, mpini unachomoka, na ndani unakuta sehemu ya chuma iliyokuwa imejificha, Wajapani wanaiita nakago. Hiyo haisuguliwi, haing'arishwi, haipakwi kitu, kutu yake inaachwa izeeke yenyewe. Kutu ya juzi ina rangi ya chungwa na inakuachia unga kidoleni. Ya karne tatu nne imeshakuwa nyeusi, imetulia, haitoki. Hapo ndipo mhunzi alipochonga jina lake, mara nyingine na mwaka upande wa pili, na mtaalamu akisha kusoma jina anaiangalia kutu aone kama inakubaliana nalo, maana majina ya kughushi yapo tele tangu enzi za samurai wenyewe. Sasa wewe umesugua mpaka chuma kimebaki cheupe, atasoma nini? Bapa likishika kutu kuna mafundi Japani waliosomea miaka mingi kulisugua kwa mawe na wanaweza kuliokoa. Kutu ya nakago ikishatoka hakuna fundi wa kuirudisha.

"Ah, lile la vita tu." Haya, nakubali, mengi yanayookotwa ni ya kiwandani, yale ya masajini yana mpini wa alumini uliopakwa rangi na namba imegongwa kwenye bapa, na mengine ni feki za juzi tu zenye mawimbi ya makali (yale yanayotokea chuma cha moto kinapopozwa ghafla) yaliyochorwa kwa asidi. Lakini maofisa wengine walikwenda vitani na upanga wa ukoo, wa miaka mia kadhaa, umevishwa mpini wa kijeshi! Mwaka 1945 Japani iliposhindwa, Wamarekani wakazikusanya panga hizo na wanajeshi wakaondoka nazo kibao. Walter Compton, mkubwa wa kampuni ya dawa huko Marekani, aliununua mmoja kwenye duka la vitu vya kale, kuangalia vizuri ni kazi ya Kunimune ya karne ya 13, hazina ya taifa iliyopotea kwenye hekalu la Terukuni, Kagoshima. Akaurudisha bure. Huyo angekuwa na brashi ya waya je?

Kusafisha kwenyewe ni kazi ndogo mpaka inachosha. Chomoa upanga makali yakitazama juu, usiguse bapa kwa vidole, jasho lina chumvi. Kitambaa laini na spiriti safi kutoa mafuta yaliyoganda, unafuta kutokea upande wa mgongo, kisha mafuta mepesi ya cherehani, kidogo sana. Basi. Kutu iliyobaki iache hapo hapo, na siki, koka, sijui majivu, peleka jikoni. Ukiuokota Japani kwenyewe, toa taarifa polisi kwanza.

Na msiniambie haituhusu. Wazee wetu wa Keya, lile jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, walikuwa Burma 1944 wakipigana na Wajapani hao hao, kwa hiyo kama babu alikuwa Keya na kuna kitu kirefu kimefungwa gunia juu ya dari, mjomba asikipeleke kwa mnoa visu. Nitumie picha ya nakago, pande zote mbili, mwanga wa dirishani, bila flashi.