Uliza chuo kwanza, krediti baadaye

Mdogo wangu mmoja, kijana wa Tanga anayeishi Texas mwaka wa tatu sasa, alinipigia simu saa nane usiku akiwa kwenye mapumziko ghalani. "Shikamoo kaka. Nimeamua. Nasoma digrii ya sayansi ya kompyuta mtandaoni. Nimeshalipia mwezi wa kwanza Sophia, ile tovuti ya kozi za bei nafuu." Nikaitikia, nikampongeza kwa moyo wote, kisha nikamuuliza krediti zake, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kwenye digrii, anazihamishia chuo gani. Kimya. "Hilo nitaliangalia nikishamaliza masomo kadhaa."

Hapo ndipo nilipojikwaa mimi. Nilikusanya krediti 41 usiku baada ya kubeba boksi, nikijiona nimefika mbali, na chuo nilichokuja kukichagua kikapokea 23. Zilizobaki hazikuwa feki. Zilikosa pa kukaa tu. Karibu mwaka mzima wa usingizi ulikwenda hivyo, na inaniuma kuona ndugu zetu wengine wakiingia njia ileile kwa sababu aliyewaelekeza alianza na bei.

Digrii ya kwanza Marekani huwa ni krediti 120. Aliyesoma Tanzania asizilinganishe na zetu, maana kwa TCU, tume ya vyuo vikuu Tanzania, krediti moja ni saa kumi za masomo na digrii huanzia 360, wakati krediti moja ya muhula wa Marekani huhesabiwa kama saa 45 za darasani na za kujisomea. Tena hizo 120 zimegawanywa mafungu: masomo ya jumla, masomo ya fani, na ya kuchagua. Fungu likishajaa, krediti inayozidi haina kazi. Vyuo vingi pia hutaka angalau robo ya digrii, yaani krediti 30, uisome kwao. Na kuna sharti ambalo wengi hulisikia wakiwa wamechelewa: lazima idadi fulani iwe ya ngazi ya juu, masomo ya mwaka wa tatu na wa nne. Kozi nyingi za bei nafuu ni za ngazi ya chini. Unaweza kuwa na krediti 90 mkononi na bado ukadaiwa nusu ya kazi.

Kwa hiyo unafuu wa kweli uko kwenye masomo ya jumla, na huko upo mwingi. Mtihani wa CLEP, unaoweza kukupa krediti ya somo bila kuhudhuria darasa, huwa wa dakika 90, ada yake mwaka 2025 haikufika dola 100, na shirika la hisani la Modern States hukulipia ada hiyo ukimaliza kozi yao ya bure ya somo lenyewe. Alama zake huanzia 20 hadi 80, na ACE, baraza la elimu la Marekani linalopima kozi na mitihani kama hiyo, hupendekeza krediti kwa anayepata 50. Sophia ni dola 99 kwa mwezi, kozi mbili kwa wakati mmoja, ukimaliza moja unafungua nyingine. Hata Kiswahili chako kina thamani: ACTFL, shirika la walimu wa lugha la Marekani, wana mtihani rasmi wa kuzungumza, Kiswahili kimo, na matokeo yake yana mapendekezo ya ACE. Vipo vyuo visivyotoa krediti kwa lugha uliyozaliwa nayo, lakini kuuliza ni bure.

Shikilia neno hilo, hupendekeza. ACE haigawi krediti. Anayezipokea au kuzikataa ni chuo, na kila chuo kina jedwali lake. Thomas Edison State kule New Jersey, Excelsior cha New York na Charter Oak cha Connecticut vilianzishwa miaka ya sabini kwa ajili ya watu wazima wanaokuja na vipande vya elimu kutoka huku na huku, na WGU, chuo cha mtandaoni cha Utah, imezoea wanafunzi wa Sophia. Kwingine somo hilohilo halipokelewi kabisa. Ndiyo maana nasema chagua viwili au vitatu kwanza, hakikisha vina ithibati inayotambuliwa, kisha omba tathmini kwa maandishi, somo kwa somo. Maneno ya simu ya mshauri wa udahili hayatoshi, hata awe mkarimu vipi.

Kuna jambo ambalo huwa nabishana na wenzangu. Wao husema mwenye green card naye aanzie Sophia. Mimi naona aanze kwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali. Mwenye kipato kidogo anaweza kupata ruzuku ya Pell Grant, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025-26 ilifika hadi dola 7,395, na hailipwi kama mkopo. Fedha hiyo huenda kwenye chuo. Sophia haiwezi kuipokea. Kwa hiyo mtu huyo anaweza kusoma kalkulasi na programu za mwanzo katika chuo cha jamii (community college) cha karibu naye bila kutoa mfukoni, akapata mwalimu wa kumuuliza na maksi halisi kwenye transkripti. Na mwajiri je? Sheria ya kodi inamruhusu akulipie hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Amazon wana Career Choice, mpango wa kulipia masomo, kwa wafanyakazi wa maghala yao. Wangapi kati yetu tumewahi kwenda kuuliza?

Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, njia hii si yake, angalau si kwa sasa: katika mzigo wake wa muhula huhesabiwa somo moja tu la mtandaoni. Asicheze na hadhi yake ya uhamiaji kwa ajili ya unafuu.

Anayesomea fedha huku akitazama CPA, leseni ya uhasibu, aanze na masharti ya bodi ya jimbo lake kabla hata ya chuo. Kwa miaka mingi majimbo yalitaka krediti 150, na ndani yake masomo ya uhasibu ya ngazi ya juu. Si kila bodi huyaangalia ya mtandaoni kwa jicho moja.

Kwa sayansi ya kompyuta nina ombi. Kimbia kwenye sosholojia, kimbia kwenye uandishi wa insha, lakini ukifika kwenye miundo ya data, algoriti, mifumo endeshi na hisabati yake, punguza mwendo. WGU hutoza ada moja kwa miezi sita hata umalize masomo mangapi, na kuna watu hujisifu kufunga digrii nzima ndani ya muhula mmoja. Kama ulikuwa fundi wa programu miaka kumi, sawa. Wewe unayetoka ghalani, kwenye usaili utawekwa mbele ya ubao uandike msimbo, na hapo hakuna wa kukuhamishia krediti. WGU pia hawatoi wastani wa maksi wa kawaida, kufaulu kwao huhesabiwa 3.0, jambo la kulipima mapema ukiwa na nia ya shahada ya uzamili.

Yule kijana nilimwambia amalize kozi mbili alizokwishafungua, za takwimu na uandishi, halafu asifungue nyingine hadi apate majibu. Ana stashahada ya TEHAMA ya nyumbani ambayo hakuwahi kufikiri ina uzito huku. Taasisi ya kutathmini vyeti, kama WES, ikiipitia, huenda ikamwondolea masomo ambayo alikuwa anataka kuyanunua upya. Jana amenitumia barua aliyoviandikia vyuo vitatu, fupi na safi. Mama yake, huko Tanga, ameahidi kwenda Jumatatu chuoni kuulizia transkripti.