Gari la Mtumba, Safari ya Mtumba

Ninaishi Nkuhungu na kazi yangu iko Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kwa hiyo kila siku ya kazi ninaikatiza Dodoma kutoka upande mmoja hadi wa pili nikiwa ndani ya gari la mtumba linalokwenda Mtumba. Wenzangu ofisini wamelitania jambo hilo hadi utani umechuja, hivyo naomba tulipite.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la otomatiki, na ndani yake yumo dada mmoja asiyeonekana ambaye kila nikizungusha ufunguo hunisemesha kwa lugha ya kwao. Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba hicho ni kifaa cha kulipia ushuru wa barabara za huko Japani, na kwamba dada yule analalamika tu kuwa kadi haijaingizwa. Mimi nilikuwa nimemwitikia "salama" kwa mwaka mzima. Redio iliyokuja na gari nayo ilikuwa ya kwao, ikiishia masafa ya 90, ilhali vituo vyetu vingi viko juu ya hapo kuelekea 108, na matokeo yake nilikuwa nikienda kazini na kurudi nikisikiliza mchakacho. Namshukuru shemeji yangu, mdogo wake Mama Happy, ambaye Jumamosi moja alinifungia redio mpya yenye kioo kikubwa, bila kunitoza hata senti, akiwa na kisu cha jikoni na utepe wa solteipu tu. Watu wenye moyo kama huo wamebaki wachache.

Basi, Jumatatu moja nilizungusha ufunguo na dada wa Kijapani hakusema kitu. Taa za dashibodi zilikonyeza mara moja, chini ya boneti pakasikika mlio mdogo kama wa mjusi, na mambo yakaishia hapo. Majirani, ambao wema wao sitausahau, walilisukuma gari katika vumbi hadi kwenye barabara ya lami, na huko ndiko mzee mmoja aliyekuwa ameketi dukani alikouliza kama gari la otomatiki huwaka kwa kusukumwa. Haliwaki. Tulilisukuma kurudi nyumbani, safari hii wakiwa wamepungua.

Mafundi wa magari hapa mjini si haba, kwa maana kila mgunga wenye kivuli cha kutosha ni gereji. Shida yangu ilikuwa ni kumpata fundi wa umeme, kwa sababu ukiuliza "Nani hapa ni fundi umeme?" hupati hata mmoja anayekaa kimya: fundi wa breki ni fundi umeme, mnyoosha bodi ni fundi umeme, na kijana anayeziba pancha anainuka na kufuta mikono. Mwaka 2017 sisi watumishi wa umma tulihakikiwa vyeti, na mimi nilihangaika wiki nzima kukitafuta cheti changu cha kidato cha nne, hadi nikakikuta ndani ya foronya ya marehemu mama yangu. Tangu siku hizo nina imani kubwa na vyeti. Najua kwamba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wanafundisha umeme wa magari kwa ngazi tatu, na kwamba hata aliyejifunza chini ya mti kwa kumshikia fundi mkubwa tochi anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti chake halali. Kwa hiyo fundi wa kwanza nilimuuliza kwa adabu kwamba amesomea wapi. Alininyoshea viganja viwili vyenye grisi.

"Cheti hiki hapa, mheshimiwa."

Neno "mheshimiwa" hapa Dodoma lina gharama yake. Kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, Bunge likiwa kwenye mkutano wa bajeti, mwanamume yeyote mwenye kitambi na shati la mikono mirefu ni mheshimiwa, na bei hupangwa kulingana na cheo hicho. Mimi ni karani wa masjala. Mheshimiwa huyu aligusishiwa waya kwenye vichwa viwili vya betri, ikatoka cheche dhaifu, akaambiwa kwamba betri imekufa, akanunua mpya. Gari liliwaka vizuri Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, dada akawa anasalimu kama zamani. Jumatatu iliyofuata akanyamaza tena.

Fundi wa pili, kabla hata hajauliza kitu, alifungua boneti, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyefika msibani, na kusema: "Aisee, nani alikufungia hivi?" Nimekuja kugundua kwamba hiyo ndiyo salamu yao. Kisha alisema kwamba atapima alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, na namna yake ya kupima ilikuwa kuchomoa kichwa kimoja cha betri wakati injini inaunguruma. Nilisoma baadaye kwamba kwa magari ya siku hizi huko ni kucheza kamari, kwa kuwa umeme huweza kuruka juu ghafla na kuunguza vifaa vyote vya kielektroniki, lakini wakati ule nilisimama tu nikimshikia spana kama msaidizi wake. Dashibodi iliwaka taa zote kama ukumbi wa harusi. Alipomaliza kuhangaika nayo aliziondoa taa, akalegeza na kukaza waya kadhaa, akachukua hela yake, na kuanzia siku hiyo kila nilipokanyaga breki taa ya kuonyesha kushoto nayo iliwaka. Fundi wa mwisho ndiye aliyenieleza kwamba waya wa athi wa taa za nyuma ulikuwa umeachwa ukining'inia, na umeme unapokosa njia ya kurudia hupita popote, hata kwa jirani. Askari wa usalama barabarani yeye hakuhitaji maelezo hayo.

"Mzee, unakata kushoto au unasimama?"

"Nasimama, afande."

"Mbona taa yako inasema unakata kushoto?"

Sikuwa na jibu, kwa hiyo nilikata kushoto. Kulikuwa na duka la mbao.

Fundi wa tatu alikuwa na kompyuta, na nakiri kwamba ilinipumbaza. Aliichomeka chini ya usukani, akasoma herufi na tarakimu kwa sauti ya daktari, kisha akatangaza kuwa ubongo wa gari umekufa na kwamba anao mwingine nyumbani. Nilimuuliza mashine imeandika nini hasa. Akasema imeandika herufi moja na tarakimu nne, na maana yake anaijua yeye. Pale nilimshukuru, nikamlipa hela ya kupima, na kuondoka na ubongo wangu wa zamani.

Aliyeniokoa ni dereva wa bajaji aliyekuwa akinichukua kila Jumatatu, hadi ikafika hatua akawa anakuja bila kuitwa. Alinipeleka kwa binti mmoja upande wa Majengo, mwenye cheti cha VETA kilichotundikwa ukutani ndani ya nailoni kwa ajili ya vumbi. Nilikisogelea nikakisoma chote, na saini zake. Lakini kilichonistaajabisha zaidi ni kwamba hakugusa boneti. Alivuta kigoda na kuuliza:

"Shikamoo baba. Gari linagoma siku gani?"

"Marahaba mwanangu. Jumatatu."

"Na wikendi linatembea?"

Nilimweleza kwamba kwa bei ya mafuta tuliyonayo, gari langu huegeshwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni na haliguswi hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, kanisani tunakwenda kwa miguu. Akaitikia kwa kichwa na kutoa mita. Betri iliyochajiwa ikasoma volti 12.6, na injini ilipowashwa ikapanda hadi 14.2, maana yake betri nzima na alteneta nzima, na hela zangu zote zilizotangulia zilikuwa sadaka. Kisha alizima kila kitu, akafungua kichwa hasi cha betri, akaipitisha mita hapo katikati, akasema tusubiri nusu saa gari lilale kwanza. Sikujua kwamba magari hulala. Lilipolala, mita ilionyesha ampea 0.6, wakati gari lililotulia halitakiwi kuzidi 0.05.

"Saa 60 mara 0.6 ni 36," alisema, "na betri yako ni ya ampea 45. Jumatatu utawasha na nini?"

Akaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine, nyekundu ya 10, bluu ya 15, ya njano ya 20. Penye moja palikuwa na karatasi ya pakiti ya sigara iliyokunjwa vizuri. Aliiweka kando bila neno. Alipochomoa ya redio, mita ikashuka karibu na sifuri. Aling'oa ile redio yenye kioo kikubwa na kunionyesha nyuma yake: waya mwekundu unaopaswa kupata umeme ufunguo ukizungushwa ulikuwa umeunganishwa pamoja na ule wa njano wa moja kwa moja, ukafungwa kwa solteipu, kwa hiyo redio haikulala hata usiku mmoja.

"Nani alikufungia hivi, baba?"

Nilitazama nje, kule bajaji ilikoegeshwa.

"Kuna fundi mmoja wa barabarani," nilisema. "Simfahamu vizuri."

Jioni Mama Happy aliuliza gari lilikuwa na nini. Nilisema fyuzi. Alifurahi sana, akasema imekuwa vizuri, kwa sababu mdogo wake amepiga simu, na Jumamosi anakuja kutufungia kamera ya nyuma.