Nyumba ya Nairobi Ichaguliwe na Asiyesoma

Vyuo vikuu vikianza kutoa barua za uzamili, simu yangu huwa haitulii. Wanaopiga ni vijana wa kwetu Taita Taveta, wengi wao wameoana juzi juzi tu, na swali lao ni lile lile: mke amepata nafasi Chuo Kikuu cha Kenyatta, au mume ameitwa Chiromo, tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, sasa nyumba tutafute wapi? Ukweli ni kwamba wanapopiga huwa wameshajijibu. Wamefungua ramani kwenye simu, wakakiona chuo, wakatafuta mtaa ulio jirani. Wa Kenyatta anataka Kahawa Wendani au Kahawa Sukari. Wa JKUAT, chuo kikuu cha kilimo na teknolojia, anataka Juja. Wa Strathmore anataka Madaraka, mpaka asikie kodi.

Mimi huwajibu kitu kimoja, na wengine hukasirika. Kama mnakuja wawili na mmoja tu ndiye mwanafunzi, mwanafunzi awe wa mwisho kuulizwa nyumba iwe wapi. Aulizwe kwanza yule anayemfuata.

Nasema hivi kwa sababu mimi ndiye niliyefuata. Mke wangu anasomea afya ya umma, mimi ni fundi wa simu na kompyuta. Kwetu jambo hilo halikupita kimya. Mzee mmoja wa ukoo aliniita kando, akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo safari hii ni wewe unayeolewa?" Nilicheka, naye akacheka, ingawa nilijua anauliza kweli. Mwanamke akimfuata mumewe mjini hakuna anayeuliza kitu, na pengine ndiyo sababu mashaka ya anayefuata hayazungumzwi. Tumezoea kuwa kufuata ni kazi ya mke, na kazi ya mke haihesabiwi.

Hebu tazama. Mwanafunzi anapofika Nairobi, mji wake uko tayari unamngoja. Ana ratiba. Ana kitambulisho cha kumpitisha getini, ana maktaba yenye meza na intaneti, ana kundi la WhatsApp la darasa ambalo wiki ya kwanza tu limeshachagua kiongozi na kuanza kuchangishana pesa za fotokopi. Akiulizwa anafanya nini Nairobi, ana jibu. Aliyemfuata ana ufunguo wa nyumba. Watu anaowafahamu mtaani ni keateka, yaani mtunza nyumba, na mama mboga. Na kama nyumba yenyewe iko nyuma ya chuo, hata wanaopita njiani si wenzake: ni vijana wa mwaka wa kwanza wanaotafuta chipsi saa nne za usiku.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Uzamili haufanani na shahada ya kwanza, ambapo mtu anashinda chuoni kutwa. Kozi nyingi hapa hupangwa kwa miaka 2, wa kwanza wa masomo ya darasani, wa pili wa utafiti na tasnifu. Hata huo mwaka wa darasani, vipindi vingi huwekwa jioni baada ya saa za kazi, au Jumamosi, kwa kuwa wanafunzi wengi ni watu wenye ajira. Ukifika mwaka wa pili hakuna darasa tena. Kuna msimamizi, na msimamizi huonwa anapopatikana. Sasa mtu anayekwenda chuoni jioni chache kwa wiki, na baadaye mara moja moja, ndiye mnayempangia nyumba, huku mwenzake anayetoka kila asubuhi kutafuta riziki akiambiwa atazoea?

Atazoea nini? Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na hadi leo barabara zake kubwa hukutana katikati kama spoki za baiskeli. Thika Road huku, Mombasa Road kule, Ngong Road, Lang'ata Road, Waiyaki Way. Anayeishi na kufanya kazi kwenye spoki moja ana nafuu. Msiba ni wa anayelala kwenye spoki moja na kazi yake iko kwenye nyingine. Mtu wa Rongai mwenye kazi Kahawa hushuka Railways, akaukata mji kwa miguu katikati ya wachuuzi na mikokoteni, kisha akatafute matatu nyingine upande wa Ngara. Jioni anarudia kinyumenyume. Ikinyesha, nauli inapanda mara mbili na konda hataki mjadala. Hizi barabara mpya za pembeni zinazouzunguka mji zimewasaidia sana wenye magari. Sisi wa matatu bado tunapitia katikati.

Kazi yangu iko Luthuli Avenue, kwenye maduka ya simu na vifaa vya umeme. Kwa hiyo tulichukua nyumba Pangani. Naweza kutembea hadi kazini, nikipitia Ngara. Mke wangu hupanda matatu ya Thika Road pale pale, na tangu barabara ile ipanuliwe mwaka 2012 safari ya Kahawa, kwenye chuo chake, si ya kutisha, mradi aondoke kabla watu hawajatoka maofisini. Kurudi usiku anakuja mjini wakati magari yanatoka mjini, kwa hiyo njia huwa nyeupe. Kodi ya Pangani ni kubwa kuliko ya Wendani, sikatai. Lakini nauli yangu ya kila siku ingeila ile tofauti, na isitoshe fundi anayefika saa tatu Luthuli amewakosa wateja wa saa mbili.

Nikifikiria historia ya mji huu, naona haukukusudiwa kupokea watu wawili. Wakoloni walipowajengea Waafrika nyumba hapa, mara nyingi walimjengea mwanamume mmoja mwenye kazi. Mke alitarajiwa abaki kijijini na shamba. Makazi ya wafanyakazi wa reli pale Muthurwa, yaliyoipa Landhies Road jina lake, yalikuwa vyumba vimoja vimoja. Nenda leo mitaa inayozunguka vyuo vikuu uone wazo lile lile likiwa limepakwa rangi na kuwekwa vigae: ghorofa baada ya ghorofa ya bedsita, yaani kulala na kupika humo humo, jiko la kusimama mtu mmoja, choo ambacho ukikaa magoti yanagusa mlango. Hicho ni chumba kizuri cha mwanafunzi. Mkiwa wawili, mmoja anaandika pendekezo la utafiti hadi saa nane usiku na mwingine analala na taa usoni, akiwa na kazi asubuhi. Nimeona ndoa ikianza kununiana kwa sababu ya taa. Afadhali chumba kimoja cha kulala mtaa wa mbali kidogo kuliko bedsita mlangoni mwa chuo. Mlango wa kufunga katikati ya watu wawili una thamani kuliko kigae chochote.

Kuna mahali nalegeza kamba, napo ni usiku. Kipindi kikiisha saa mbili na nusu, mwanafunzi anashuka steji saa tatu au zaidi, na kutoka steji hadi getini ndiko kwenye matata ya Nairobi. Matatu yenyewe ina watu na taa. Ile njia ya mita mia tatu nyuma ya ghorofa, yenye taa moja iliyokufa, ndiyo ya kuogopa, hasa kwa mwanamke aliyebeba kompyuta. Kwa hiyo masharti ya mwanafunzi yawe mawili tu: matatu moja bila kubadilisha, na nyumba iliyo karibu na steji yenye watu. Mengine yote aachie mwenzake. Na msiende kuitazama nyumba saa tano asubuhi Jumamosi, wakati kila mtaa unapendeza. Nendeni saa tatu usiku siku ya kazi. Ajenti atalalamika. Mwache alalamike, si ameshachukua pesa yake ya kuwaonyesha?

Kwa kuwa tumemtaja ajenti: wanaotoka nje ya Nairobi hushtuka wakigundua kwamba malipo ya mwezi wa kwanza si kodi ya mwezi mmoja tu. Kuna dipoziti ya nyumba, kwa kawaida sawa na kodi ya mwezi, kuna ya maji, pengine na ya stima, halafu uanze kununua tokeni. Usitegemee sheria ikuokoe. Sheria ya kudhibiti kodi za makazi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na wewe niambie ni nyumba gani hiyo. Ombeni risiti ya kila kitu, piga picha za kila ufa siku ya kuhamia, na majina yenu yote mawili yawe kwenye mkataba. Hilo la majina nalisisitiza. Wapo wanandoa ambao barua ya chuo ilitumika kupata nyumba, mkataba ukaandikwa jina la mwanafunzi peke yake, na siku bomba lilipopasuka keateka akakataa kumsikiliza aliyekuwa ndani.

Na aliyekuwa ndani ndiye anayejua maji. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, na hayatoshi, hivyo mitaa hugawiwa kwa zamu. Kuna siku yenu ya maji. Mtu lazima awepo ajaze mapipa na mitungi, la sivyo mnanunua kwa mkokoteni. Mwanafunzi yuko maktaba. Mnaona tena ni nani anayepaswa kuuliza, kabla ya kulipa, kama ploti ina tangi juu na kisima chini?

Baridi nitaipitia haraka. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Julai haina huruma kwa mtu wa Voi. Watu wa Wundanyi hawatasumbuka, wao ukungu ni wa kwao. Nunueni blanketi nzito soko la Gikomba, mambo yaishe.

Lililo gumu zaidi ni watu. Nimegundua anayefuata haupati mji mpaka apate mahali ambapo asipofika ataulizwa yuko wapi. Kwangu kwanza ilikuwa kwaya ya kanisa, kisha chama cha kuchangiana pesa cha mafundi wenzangu. Wengi hufikiri chama ni pesa tu. Pesa ipo, lakini kwa mgeni faida kubwa ni kwamba kila mwezi kuna watu wanaosubiri mchango wako, wanajua jina lako, na ukiugua wanakuja na matunda. Ndiyo maana namshauri anayefuata akatae mtaa usio na mtu wake hata mmoja, awe binamu, mwenzake wa shule, au wa dini moja naye. Mke wangu alipata marafiki darasani wiki ile ile. Mimi ningeachwa Wendani ningekuwa mwanamume anayemngoja mkewe arudi amweleze siku ilivyokuwa.

Tahadhari moja kuhusu hao watu wa nyumbani, kwa sababu mada hii haiishi bila wao. Mkishapata nyumba Nairobi mmepata pia wageni. Madaraka Express inasimama Voi, na kwa hiyo binamu anayekuja kwenye usaili, shangazi anayekuja kliniki Hospitali ya Kenyatta, kijana aliyetumwa kununua spea, wote watafikia kwenu. Siwezi kuwaambia mfunge mlango, mimi mwenyewe nililelewa kwa milango ya wengine. Lakini elewaneni mapema wageni wangapi na siku zipi, na wiki za mitihani ziheshimiwe. Na anayepika, anayempisha mgeni kitanda, anayempeleka steji asubuhi ni yule asiyesoma, kwa hiyo hapa pia neno lake liwe la mwisho.

Kuna wanaonipinga kwamba masomo ndiyo yaliyowaleta, na mwanafunzi akifeli kila kitu kimepotea. Ni kweli, ila sijaona wengi waliofeli uzamili kwa sababu ya dakika arubaini ndani ya matatu. Nimewaona waliokwama kwenye tasnifu kwa sababu pesa iliisha nyumbani, na pesa iliisha kwa sababu mwenzao hakupata kazi kule walikokwenda kukaa.

Mke wangu sasa amemaliza masomo ya darasani. Pendekezo lake limepita, kamati ya maadili imeidhinisha, kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kimetoka, na data anayoitaka iko wapi? Taita Taveta. Anarudi kwetu kukusanya dodoso, mimi nabaki Nairobi. Mama yake amenipigia kuniuliza kama nitakuwa nakula vizuri, na yule mzee sijui atasema nini safari hii. Mimi wateja wangu wako Luthuli, na zamu yangu ya chama ni Novemba. Mwenye nyumba alipokuja kuuliza kama tutaendelea mwaka ujao, mke wangu alinisukumia mimi nijibu. Nikamwambia tutaendelea, lakini kwanza alete fundi wa mfereji wa bafuni, na kodi aiache ilivyo.