Ikisema "bado inatumika", iamini

Julai hapa Mbeya si mwezi wa kuamshwa alfajiri. Simu ikaita hata hivyo, kijana anayetunza seva ya duka la jumla la mchele Mwanjelwa: "Shikamoo kaka, PostgreSQL imegoma kuwaka." Hiyo ndiyo programu ya hifadhidata inayotunza hesabu za duka. Nikavaa koti, nikadaka daladala kutoka Uyole.

Ujumbe kwenye skrini ulisema kipande cha kumbukumbu ya pamoja (sehemu ya RAM ambayo prosesi za seva, yaani programu zake zinazokimbia, hutumia kwa pamoja) kilichokuwepo tangu awali bado kinatumika. Kijana alikuwa ameshapata dawa mtandaoni: futa faili la postmaster.pid, washa upya. Nashukuru alipiga simu kabla ya kuinywa.

Hiyo dawa naipinga, na nitaendelea kuipinga. Faili lile linabeba namba ya prosesi kuu, mzazi wa prosesi nyingine zote za seva, na namba ya kile kipande cha kumbukumbu. Seva ikitaka kuwaka inalisoma, inabisha hodi: kuna mtu ndani? Akiwepo, inakataa. Ukilifuta umemfukuza mlinzi getini, na seva mbili zinaweza kuishia kuandika kwenye mafaili yaleyale ya data. Hapo hesabu za mchele wa msimu mzima zinavurugika, na hakuna anayejua gunia lipi ni la nani.

Tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, kwenye Linux kipande hicho ni kidogo mno. Ukiandika ipcs -m, amri ya kuorodhesha vipande hivyo, utakiona, baiti 56 tu. Data yenyewe haimo humo. Kimebakizwa kwa kazi ya ulinzi. Ndiyo maana nacheka nikisikia mtu anataka kukifuta "ili kuokoa nafasi".

Na hata ukikifuta kwa amri ya ipcrm wakati bado kimeshikwa, hakiondoki. Linux inakiwekea alama ya kufutwa, kisha inasubiri prosesi ya mwisho ikiachie. Ni kama notisi kwa mpangaji: umempa karatasi, lakini godoro lake bado limo chumbani.

Basi mpangaji wetu alikuwa nani? Kwenye ipcs, safu ya nattch, yaani idadi ya prosesi zilizokishika kipande, ilionyesha 1. Nikamuuliza kijana jana alifanya nini. Akajikuna kichwa. Ripoti ya mauzo ilichukua muda mrefu, akadhani seva imeganda, akaipiga prosesi kuu kill -9, amri inayoua papo hapo bila kuaga. Prosesi kuu ikafa. Ile ya ripoti, iliyozama kwenye hesabu zake, haikujua mzazi wake amekufa. Kwa kawaida hugundua pale inapotulia kusubiri kazi nyingine. Usiku kucha ilikuwa inajumlisha magunia.

Nikaitafuta kwa ps, amri ya kuorodhesha prosesi, nikaitumia kill ya kawaida, isiyo na 9, inayoiomba ijifunge. Ikaondoka kwa adabu. nattch ikawa 0. Seva ikawaka, ikapitia daftari lake la miamala, ikarudi kazini kabla duka halijafunguliwa.

Kanuni ni hiyohiyo kwa DROP DATABASE, amri ya kufuta hifadhidata, ambayo hukataa kama kuna mtu bado ameunganishwa. Toleo la 13 la mwaka 2020 liliiletea neno FORCE, linalowakata waliounganishwa. Kwenye mashine ya majaribio nalitumia bila wasiwasi. Kwenye seva ya biashara, kwanza nafungua pg_stat_activity, orodha ya waliounganishwa na wanachofanya, nione ninayemkata ni nani. Siku moja nilimkuta mhasibu.

Kijana akaanzisha ripoti upya. Nikamwambia asiguse kitu, tukavuka barabara kutafuta chai ya tangawizi. Tuliporudi ilikuwa bado haijaisha.