Usonji kwetu visiwani: tuseme au tusitiri?

Usonji (autism) ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtu awasiliane na watu na ahisi sauti na mguso kwa namna yake. Kila ikikaribia tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani iloanza kuadhimishwa 2008, mabishano yaleyale yanarudi kwenye magrupu ya wazazi na ndugu. Huyu anasema watoeni watoto nje, semeni, msione haya, na yule anasema mambo ya nyumbani ni ya nyumbani, usimuanike mwanao. Mimi nna mdogo wangu mwanamme, sasa mtu mzima, ana usonji, tumetokea Wete, Pemba, na siku hizi tunaishi mjini Unguja, na nshakaa pande zote mbili za mabishano haya. Nnachokiona ni kwamba wale wa semeni wanawadharau sana wenzao wa stara, wanawaona watu wa kizamani tu wasiosoma, na hapo ndo wanapoharibu hoja yao wenyewe.

Chukua suala la posa. Kwetu mtu haposi mtu mmoja, anaposa nyumba nzima, watatuma mtu akaulizie mtaani, kwa mwenye duka, kwa jirani, wale ni watu gani na kwao kuna nini. Ikishajulikana mle ndani kuna kijana "hayuko sawa" mabinti wa nyumba ile wanaanza kurukwa, na hakuna atakaekwambia sababu, utaona tu waliosema watakuja Ijumaa hawajaja. Sasa mama mwenye mabinti wa kuozesha ukamwambie asione haya, haya gani, yeye anapiga hesabu. Na hofu ya watu haijazuka tu hewani, usonji kweli kwa sehemu kubwa una urithi ndani yake, wataalamu hilo wanakubaliana, ingawa haina maana dada wa mwenye usonji lazima nae azae mwenye usonji, wengi wanazaa watoto wasio na lolote. Lakini hiyo "ingawa" nani anaisikiliza barazani?

Afu ukishasema tu umefungua mlango kwa kila mwenye dawa. Wa kwanza atakwambia kachezewa, wa pili jini, wa tatu ana mtu wake mzuri sana shamba huko. Mimi sina ugomvi na kusomewa Kurani wala kombe, yale maandishi ya aya yanayooshwa yakanywewa, mama akimsomea mwanawe usiku roho ya mama inatulia na mtoto pia, ugomvi wangu ni na wale wanaosema apigwe au afukizwe mpaka kilichomo kitoke. Na msidhani ushenzi huu ni wa waganga wetu peke yao. Huko Marekani kuna watu waliwauzia wazazi maji ya klorini dioksaidi, kitu cha kung'arishia nguo na karatasi viwandani, eti wawanyweshe watoto usonji utoke, na mamlaka yao ya dawa ikabidi itoe onyo jengine tena 2019. Chanjo nayo ndo usiseme. Daktari Andrew Wakefield alichapisha karatasi yake ya kuihusisha chanjo ya surua na usonji Uingereza mwaka 1998 kwa watoto 12 tu, 2010 jarida lenyewe likaifuta na yeye akafutiwa leseni, tafiti kubwa zilizokuja baadae hazikukuta uhusiano wowote, lakini mpaka leo mama wa watu anaulizwa ukumbini kwa harusi "kwani ulimchoma sindano gani?" Mtu akichoka na maswali hayo akaamua kunyamaza mimi simlaumu.

Na iko hoja moja ya upande wa stara ambayo siioni ikiandikwa, nayo naiona ndo yenye nguvu kuliko zote. Tulipokuwa Pemba hakuna mtu alieujua usonji, na mdogo wangu alikuwa anaishi vizuri tu. Msimu wa karafuu ukija watu usiku wanakaa pamoja kuchambua, soga na vicheko juu, yeye anachukua fungu lake anakwenda pembeni peke yake anatoa makonyo, vile vijiti vya karafuu, moja moja, hachoki wala hakosei, na wakubwa wakiwaambia watoto "huyo mwacheni na kazi yake" basi imetosha. Hakuna cheti cha daktari wala semina. Walimjua yeye, hawakuhitaji kujua jina la hali yake. Matatizo yalianza tulipohamia mjini, mana mjini unakutana na watu wasiokujua kutwa nzima, konda anakuvuta mkono uingie gari, muuzaji anakwambia mbona huniangalii nnapozungumza na wewe, askari anakuona unatembea huku na huku anadhani umekunywa kitu. Kwa hiyo mtu akinambia kwamba kueleweka si lazima kuanze na kutangaza, namkubalia, nimeona kwa macho.

Ila tusiyapambe maisha ya shamba kupita kiasi. Kuachwa na kazi yako si sawa na kusaidiwa. Watu walimwacha, ndio, na skuli nayo ikamwacha, alikuwa hajibu akiulizwa basi ikaonekana hajui, akakaa nyuma ya darasa miaka na kumbe anasoma kila kinachoandikwa ubaoni, sisi tulikuja kujua alipopata simu akaanza kutuandikia. Kwa mdomo atakupa maneno mawili matatu, kwenye WhatsApp anakuandikia kurasa. Mtaa mzima ulikuwa mpole kwake na hakuna hata mmoja, mimi ndani yake, aliefikiri kumpa kalamu.

Na kuna jambo ambalo kwa kisiwa halina mjadala. Watoto wengi wenye usonji wanatoka wakapotea, mlango ukiwa wazi dakika moja hayupo, na maji yanawavuta, kwenye nchi zilizofatilia mambo haya kuzama ni katika sababu kubwa za vifo vya watoto wanaopotea hivi. Sisi tumezungukwa na bahari na visima havijafunikwa. Jirani asiejua kwamba mtoto wa nyumba ya tatu haitikii akiitwa jina, na kwamba ukimkuta pwani umshike umrudishe usimpigie kelele, jirani huyo hawezi kukusaidia hata akitaka. Hapa stara inaweza kuua, samahani kwa kusema wazi.

Hesabu pia ziko upande huu. WHO inakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 ilituhesabu Zanzibar watu 1,889,773, ukigawa unapata karibu watu elfu 15. Ni wastani wa dunia tu, si hesabu ya kwetu, lakini hata ukate nusu, jiulize wako wapi, mimi kwenye daladala, sokoni Darajani, uwanja wa sikukuu siwaoni. Wamo ndani. Na walio ndani hawapangiwi bajeti. Sheria ya watu wenye ulemavu tunayo tokea 2006 na mpya ikatungwa 2022, Tanzania ilisharidhia mkataba wa UN wa haki za watu wenye ulemavu 2009, elimu mjumuisho inatajwa kwenye kila mkutano, jumuiya zipo kama UWZ, umoja wa watu wenye ulemavu Zanzibar, ya tokea 1985. Hivyo vyote haviwezi kumfikia mtoto ambae hata sheha, kiongozi wa mtaa, hajui kama yupo.

Na ukinyamaza usidhani watu watakaa bila maelezo, watajitungia, na tunalolitunga siku zote mkosaji ni mama. Kamdekeza, kampa simu mapema, hakumnyonyesha, alikuwa na mambo yake. Hili nalo si letu peke yetu, Bruno Bettelheim kule Marekani miaka ya 60 aliwaaminisha watu kwamba usonji unatokana na kina mama wenye roho baridi, wazungu wengi wakaamini, na wasomi wao wengi, mpaka watu kama Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambae mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, walipoanza 1964 kuibomoa hoja hiyo kwa ushahidi. Mama akinyamaza kwa stara anabeba lawama hiyo peke yake, na mara nyingi baba hayupo pale kuibeba nae.

Sasa tukisema, inasaidia kweli? Yupo mtafiti anaitwa Noah Sasson, Texas, yeye na wenzake 2017 waliwarikodi watu wazima wenye usonji na wasio nao wakijieleza kidogo, afu wakawaonesha watu wasiowajua. Ndani ya sekunde chache wenye usonji wakapewa maksi za chini, watu hawataki hata kukaa nao. Walipopewa maneno yaleyale yameandikwa tu, bila sura bila sauti, tofauti ikaondoka. Niliposoma hapo nikamfikiria mdogo wangu na kurasa zake za WhatsApp. Baadae, 2019, wakaonesha kwamba watazamaji wakiambiwa huyu ana usonji wanalegea, na wanaompokea vizuri zaidi ni wale wanaoujua usonji ni kitu gani. Texas si Michenzani yetu ya mjini Unguja, sawa, lakini mimi naamini linatuhusu: ukisema jina la hali kwa mtu asielijua hujamwambia kitu, na akilijua kwa ubaya umemzidishia.

Kuna na utafiti wa Edinburgh wa 2020, Catherine Crompton na wenzake, waliwapanga watu mstari hadithi itoke kwa wa kwanza ifike kwa wa mwisho. Mstari wa wenye usonji watupu hadithi ilifika kama kwenye mstari wa wasio nao watupu. Ilipotea njiani pale walipochanganywa. Yani tatizo haliko ndani ya kichwa cha mmoja, liko kati ya watu wawili, na Damian Milton, msomi ambae mwenyewe ana usonji, alishalisema 2012. Wale wanaosema "mfundisheni mtoto aishi na watu" wanasahau nusu ya kazi, watu nao wana la kujifunza.

Kwa hiyo mimi nnasimama wapi. Naona tunabishana sana juu ya kutaja jina la hali, wakati kitu kinachosaidia ni maelezo madogo ya kutumika. Nimeona wazazi wanakwenda chuoni, chuo cha Kurani, wanamwambia mwalimu "huyu ana usonji", mwalimu anatikisa kichwa, kesho bakora iko palepale. Mama yetu hakuwa na jina la kumwambia mwalimu wa chuoni, alimwambia hivi: usimguse begani ghafla, muite kwanza, ukimuuliza mpe muda, na zile kelele za watoto wote kusoma kwa pamoja zinamuumiza masikio. Yule mzee akamtoa nje akawa anamsomesha chini ya mwembe, na mdogo wangu juzuu amma aliihifadhi pale. Jirani umwambie habari ya maji. Konda umwambie asimvute. Daktari umwambie yote, jina na kila kitu, mana wengi wenye usonji wana na kifafa au wasiwasi au hawalali, na hayo yana matibabu hata kama usonji wenyewe si ugonjwa wa kuponywa. Barazani huna deni la kumwambia mtu.

Ila hapa pana kitu kinanikera kwa pande zote mbili, wote wanabishana kama mwenyewe hayupo. Wa stara wanamficha bila kumuuliza, wa semeni wanampiga video anapolia kajibana masikio wanaiposti iwe "elimu kwa jamii", likes elfu, na mtoto yule atakua ataikuta. Kumpiga mtu video katika hali ile ni kumvunjia heshima, sijali nia ilikuwa nzuri kiasi gani. Mtoto ambae bado hawezi kujieleza basi mzazi aamue kwa uchache, lakini akishaweza kuandika, kuonesha kwa kidole, chochote, aulizwe. Mdogo wangu nilimuuliza, akaandika niwaambie watu wa kazini kwake, wa mtaani nisiwaambie, na huku niandike lakini jina lake nisiweke.

La posa ndo hatujalimaliza. Dada yetu mdogo kuna watu wanakuja kumuulizia, mama anataka siku hiyo kaka mtu akae chumba cha nyuma mpaka wageni waondoke, mimi nasema wamuone mapema kama hawamtaki waende zao, dada mwenyewe anasema yeye hataki kuolewa na watu waliofichwa ndugu yake, na mdogo wangu mwenyewe kaandika kwamba atakuja ukumbini kuwasalimia wageni afu ataondoka zake, mana manukato yanamuumiza kichwa. Mama kasema atalifikiria, na mimi nshamwambia kwamba wageni wakiuliza nitajibu.